Wenzake Baba wa Kwenye Santuri

Nilimkuta Wa Koti huku Quakers Hill, pembezoni mwa Sydney, Jumanne moja mchana, nikiwa nimeshika kitambaa cha vumbi.

Mzee ninayemhudumia Jumanne na Alhamisi ana rafu ya santuri inayoanzia mlangoni na kuishia kwenye pazia. Kazi yangu kwake ni kumsaidia kuoga, kumpa dawa, kupika supu na kufagia. Santuri hazimo kwenye orodha ya ajensi iliyoniajiri. Lakini siku ile alikuwa amesinzia kitini, jua la majira ya baridi limetulia juu ya zulia, nami nikajikuta navuta moja moja na kuifuta, kwa sababu napenda harufu ya majalada yale, karatasi nene iliyozeeka pamoja na gundi yake. Nikavuta ya tisa au ya kumi. Mkononi mwangu akatokea kijana mwenye koti jeupe lililompwaya mabegani, gitaa ameliegemeza pajani, kichwa amekiinamisha kidogo kama mtu anayesikiliza watu wa chumba cha pili wanasema nini.

"Shikamoo," nikamwambia.

Sikupanga kusema. Nyumbani kwetu Tabora picha hiyohiyo iliegemezwa ukutani juu ya kabati la vyombo, na baba hakukubali mtoto apite mbele yake bila kuamkia. "Huyo ni mwenzangu," alikuwa akisema. "Rika moja. Mbona mimi mnaniamkia?" Kwa hiyo tulikua tukiliamkia jalada la santuri asubuhi tukienda shule na mchana tukirudi, na siku nyingine baba aliyekuwa chumbani aliitikia kwa niaba yake, kwa sauti ya puani aliyodhani ni ya Kizungu.

Mzee akafumbua macho. "Unaongea na nani?"

Mimi na yeye huongea Kiingereza. Hapa naandika maana yake tu.

"Huyu namjua," nikasema. "Ni rafiki wa baba yangu."

Akacheka mpaka akakohoa, nikampa maji. Akaniuliza baba ana umri gani, nikamwambia themanini na miwili. Akaniomba nimletee ile santuri, akaigeuza, akaniwekea kidole kwenye pembe ya nyuma. Palikuwa na namba iliyoandikwa kwa penseli, 22. Namba kama zile nilikuwa nimeziona nyuma ya majalada mengine nilipokuwa nafuta, nikadhani ni mpangilio wake wa rafuni, ingawa nilishangaa kwa nini kuna 22 mbili na 27 tatu, na hakuna hata moja inayozidi thelathini.

"Hiyo ni miaka aliyokufa nayo," akasema. "Nilikuwa naandika kila nilipopata habari. Gazeti lilikuwa linaletwa gereji, sote tunaacha malori tunasimama tunasoma. Huyu ni gari, usiku wa mvua. Huyu hapa ni ndege ndogo. Yule pale mwenye mwanya ni ugonjwa, alilazwa wiki mbili tu." Akaniangalia. "Wamekufa zamani sana, binti. Wewe hujazaliwa."

Kijana mwenye mwanya naye nilimjua. Hata yule wa ndege nilimjua.

*

Gramafoni ilifika kwetu kabla yetu. Baba alikuwa kijana anayejifunza kazi ya simu za reli, na Mzungu aliyekuwa mkubwa wa stesheni alipofungasha kurudi kwao alimwachia gramafoni ya betri na sanduku lenye santuri saba, zote za rokenroli, muziki ambao vijana wa mjini walikuwa wameanza kuuvalia suruali za kubana. Baba hakuelewa maneno mengi. Alielewa kwamba waimbaji wale ni vijana kama yeye, kwamba wana haraka, na kwamba kuna mahali wanapotaka kufika kabla ya chakula kupoa. Hivyo ndivyo alivyotueleza.

Akawapa majina kutokana na picha. Wa Koti. Wa Mwanya. Mwenye Haya, ambaye macho yake yalitazama viatu. Halafu akafanya jambo ambalo sikuliona la ajabu mpaka nilipokuwa mtu mzima na mbali: akawazeesha. Alipooa, alisema Wa Koti naye bila shaka ameshaoa, tena mke mkali. Alipopata kitambi, Wa Koti naye hakuweza tena kufunga vifungo. Mwenye Haya aliokoka, anapiga kinanda kanisani kwao. Wa Mwanya ameoa mara tatu na bado anatafuta. Magoti ya baba yalipoanza kumsumbua, alikaa barazani na mafuta ya kuchua, akasema, "Na Wa Koti, maskini wa watu, kuruka kote kule jukwaani, magoti yake sasa yatakuwaje?"

Hakuna aliyekuja kutuambia. Habari za vifo vyao hazikupanda treni ya Tabora. Ukipiga hesabu, na mimi niliipiga nikiwa nimekaa kwenye zulia la yule mzee, walikuwa wameshakufa kabla sanduku halijafunguliwa sebuleni kwetu. Miaka sitini baba alikuwa amezeeka pamoja na vijana ambao hawakuzeeka.

Kitinda mimba wetu, mdogo wangu wa kiume, ndiye aliyezisikia nyimbo zile kwa masikio ya kazi. Alipata gitaa lililokosa nyuzi mbili, akakaa mbele ya gramafoni, anaweka sindano, anatoa, anaweka. Alipofika miaka kumi na saba alikuwa anapiga nyimbo zote saba na nyingine za upande wa pili. Alikuwa na tabia ya kupiga akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, ili atakayeingia alazimike kumwomba njia. Alikufa akiwa na miaka ishirini na minne. Homa ilianza Ijumaa, Jumatatu akawa hayupo.

Mimi nilikuwa huku, mwaka wangu wa pili, nakaa Auburn karibu na maduka ya nyama ya halali. Kwetu msiba hauambiwi mtu peke yake, wala kwa simu. Siku nne nzima nyumbani waliniambia kijana anaumwa, anaendelea vizuri, amelala, kila nilipopiga amelala. Siku ya tano saa kumi jioni nikasikia mlango unagongwa. Nilifungua nikakuta watu wanne niliowafahamu kwa mbali, wa makanisa na misikiti tofauti, wamevaa vizuri, mmoja ameshika chupa ya chai, mmoja sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Hawakuwa wamepiga simu kwamba wanakuja. Niliiangalia ile sufuria, nikajua. Bado waliniomba nikae kwanza. Mama mmoja wa Burundi, ambaye baadaye ndiye amekuwa dada yangu katika mji huu, alinishika mikono miwili ndipo akasema.

Sikwenda kuzika, makaratasi yangu yalikuwa bado. Yalipotoka, nikawa nimeshaanza kuhama. Tangu hapo nimekaa nyumba tisa. Siku zangu za mapumziko hupanda treni bila safari, nafika mwisho wa reli, nashuka, nanunua chai, narudi upande wa pili nikitazama nyuma za nyumba, nguo za watu kwenye kamba, mbwa, trampolini za kurukia zisizo na watoto. Mtu akiniuliza kwa nini siendi nyumbani, namwambia mwakani.

Baba hakuzungumza habari za kijana wake. Mwaka mmoja gramafoni ilifunikwa kitambaa. Kisha siku moja mdogo wangu wa kike, anayekaa naye, akanipigia ili nisikie kelele za nyuma. Baba ameweka santuri. Wala hakusema kwa nini.

*

Kosa langu la kwanza ni la zamani. Miaka mingi iliyopita baba aliniuliza kwenye simu, "Huko kwa Wazungu hujamwona Wa Koti?" Kwake Marekani, Uingereza na Sydney ni mji mmoja wenye mitaa mirefu. Mimi nilicheka nikasema, "Namtafuta, baba." Ikawa salamu yetu. Kila Jumapili: shikamoo, marahaba mama, mvua, magoti, umempata? Bado baba, namtafuta. Sikuwahi kufikiria kuuliza kama yu hai. Nami nilikuwa mtoto wa nyumba ile. Kwangu alikuwa mzee wa magoti mabovu anayekaa mahali penye kivuli.

Wiki moja kabla ya ile Jumanne, mdogo wangu alinitumia picha ya barua kwa wasapu. Moyo wa baba ulikuwa umeanza kumsumbua, daktari amemkataza ngazi na hasira, naye akaamka asubuhi akamwambia mdogo wangu achukue kalamu. Barua ilikuwa ya Wa Koti. Mimi nitamsomea nikimpata, nimtafsirie.

Ilianza kwa heshima zote. Inamsalimu, inajitambulisha, inasema sisi ni rika moja na nimezeeka nawe nyumbani kwangu. Inauliza vidole bado vinashika nyuzi au vimekauka. Inauliza wajukuu. Halafu mwandiko wa mdogo wangu unabadilika, unakuwa wa haraka, kama baba alianza kusema upesi:

"Nilikuwa na kijana aliyezipiga nyimbo zako. Nasema kweli, siku nyingine nilikuwa chumbani nikashindwa kujua ni wewe au ni yeye. Nilimzika mimi. Sijapata mtu wa rika langu wa kumwuliza jambo hili, wengi hapa wamenitangulia. Je, wewe umewahi kuzika mtoto? Ulifanyaje baadaye?"

Nilikuwa bado sijajua nijibu nini, ndipo nikavuta ile santuri Quakers Hill.

Nilikaa na habari ile siku kumi na moja. Nilipanda treni zaidi ya kawaida. Nikinyamaza, baba ataendelea kungoja jibu, na moyo wake si wa kungoja sana. Kutunga jibu niliweza, na usiniulize mara ngapi nililiandika kichwani: Ndiyo, ndugu yangu, nami nilizika. Lakini baba angeuliza tena, angetaka picha, na siku moja mtu angemwonyesha kwenye simu. Na nikisema kweli, ninamwambia kwamba yule mwenzake wa pekee aliyebaki, naye ni mtoto wa watu aliyezikwa akiwa kijana. Niliogopa kwamba atamzika kitinda mimba mara ya pili, safari hii na moyo mbovu.

Jumamosi nikaenda Minto, upande mwingine wa mji, kwa yule dada yangu wa Burundi. Anafua mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee, na Jumamosi anafua ya kwake, kwa hiyo tuliongea tukikunja. Nilimweleza yote. Alikunja foronya tatu kabla hajasema.

"Ngoja, dada. Huyu muzungu amekufa mwaka gani?"

"Kabla sijazaliwa."

"Na wewe umekonda juu yake?" Akanitazama kiuno. "Bon. Mimi nafunga miaka yote sikondi, kumbe nilikosa tu maiti ya muzungu."

"Usinichekeshe, dada. Ni baba."

Akaacha kukunja. "Usimwambie kwa telefoni. Ile siku yako, kama tungekupigia telefoni, ungekuwa wapi sasa? Mtu anaambiwa amekaa, na watu wako pale, na chai iko pale. Baba ana miaka themanini, moyo inamuuma, weye unataka kumpigia telefoni sawa na mtu wa banki? Tuma watu."

"Niwatume watu kwa ajili ya mwimbaji?"

"Siyo ya mwimbaji. Ya mzee."

Ilionekana sawa kabisa. Hata sasa nikiiwaza, naona kila hatua ilikuwa sawa.

Nikampigia mdogo wangu. Nikamweleza mpango wote.

"Dada, uko sawa kweli huko? Yaani nikamwite balozi wa nyumba kumi aache shughuli zake, nimwambie kuna msiba wa picha ya kabatini?"

"Mwambie mzee anaumwa moyo, tunataka aambiwe polepole. Na mama wa jirani aje, baba anamsikiliza. Wakae kwanza. Wanywe chai. Halafu balozi aseme taratibu."

"Aseme nini? Marehemu alikuwa amevaa koti?"

Tulicheka wote wawili, mpaka akasema haya, Alhamisi asubuhi, na unadaiwa zawadi ya balozi.

*

Alhamisi saa tisa alasiri ya Sydney ni saa mbili asubuhi ya Tabora. Saa hizo mimi ninakuwa namwogesha mzee, na ajensi hairuhusu simu wakati wa kuogesha. Niliizima nikaiweka kwenye mkoba. Niliona ni vizuri zaidi. Waachiwe wafanye kazi yao bila mimi kuwaingilia. Bafuni palijaa mvuke, mzee akawa anaimba ule wimbo wa Wa Koti kwa sauti nyembamba, mikono yake imeshika vyuma vya ukutani, na mimi nikamsugua mgongo nikijiona mtu aliyepanga jambo vizuri. Nilimkausha, nikamvalisha, nikampa supu. Nikatoka, nikatembea mpaka stesheni. Majani makavu yalikuwa yanavuka barabara mbele yangu. Nikakaa kwenye benchi, nikawasha simu.

Simu kumi na nane zilizokosa kupokelewa. Kumi na saba za mdogo wangu. Moja, ya kwanza kabisa, ilikuwa namba ya baba, ambaye hapigi simu. Huwa anapigiwa.

Nilichokuja kuelezwa ni hiki. Balozi alifika saa mbili kasoro, amevaa kofia yake ya shughuli na shati la mikono mirefu. Mama wa jirani alifika amejifunga khanga kiunoni, kama anayekwenda kusaidia kwenye jiko la msiba, kwa sababu hakujua msiba huu unavaliwaje. Mdogo wangu alikuwa jikoni anachemsha chai. Walimkuta baba barazani na mafuta yake ya kuchua. Walimwamkia, wakakaa, wakanyamaza. Walifanya vilevile nilivyoagiza.

Baba akawatazama. Akauliza mvua. Wakasema ipo. Akauliza kuna jambo? Wakasema ngoja chai, mzee. Ndipo akaingiza mkono mfukoni akatoa simu yake ya vitufe, akabonyeza namba moja, ambayo mdogo wangu alimpangia kuwa ni mimi. Sauti ya mwanamke ikamwambia kwa Kiingereza kwamba sipatikani. Balozi, aliyekuwa amejiandaa usiku kucha na akaona mambo yanamponyoka, akakohoa akasema:

"Mzee, tumepokea taarifa kutoka Australia."

Mdogo wangu alisikia kiti kikianguka. Alipotoka, baba alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, chupa ya mafuta imemwagika kwenye kanzu yake, na alikuwa anatikisa kichwa taratibu bila sauti. Mama wa jirani alikuwa ameshaanza kulia, kwa sababu baba alikuwa ameshafikia pa kuliliwa. Ilimchukua mdogo wangu muda kueleza. Mwanzoni baba hakumwamini. Alidhani wanamficha kama mimi nilivyofichwa. Kila aliposema, "Siyo dada, baba, ni wa santuri," baba alimwambia, "Mwanangu, niambie tu." Na kila aliponipigia ili aniweke sikioni mwa baba, nilikuwa bafuni Quakers Hill, nasikiliza mzee akiimba.

Nilipiga. Mdogo wangu alipokea, akampa baba.

"Shikamoo baba," nikasema.

Nilisikia jogoo kwao, na kijiko kwenye kikombe.

"Sema tena," akasema.

"Shikamoo baba."

"Tena."

Nilisema mara nne. Watu wawili waliokuwa kwenye benchi jirani walihamia upande mwingine wa jukwaa.

"Marahaba," akasema mwishowe. Halafu, "Wewe mtoto una akili kweli? Unaniletea balozi na kofia? Saa mbili asubuhi? Kwa ajili ya mtu ambaye hata mjomba wake sijamjua?"

"Nisamehe baba. Nilifikiri moyo wako..."

"Moyo wangu! Moyo wangu umepimwa leo. Mwambie daktari huku asihangaike tena." Nikamsikia akiwaambia waliopo, "Yu hai, huyu hapa, anaomba radhi," na mama wa jirani akapiga kigelegele kifupi, na balozi akasema alhamdulillahi, chai sasa. Baba akacheka. Ulikuwa mcheko wa mtu aliyeshuka mlima na miguu bado inatetemeka, na mimi nililia huku nacheka, na treni ya kwenda mjini ikaingia, ikafungua milango, ikafunga, ikaondoka.

"Kwa hiyo amekufa kweli," akasema baadaye. Alikuwa ameondoka pale walipokuwa wengine, maana sauti za vikombe zilikuwa zimefifia.

"Amekufa baba. Na Wa Mwanya. Na Mwenye Haya pia."

"Wote? Lini?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba walikuwa wameshakufa siku alipolifungua lile sanduku. Nilimweleza mzee wa Quakers Hill, penseli yake na namba zake.

"Wa Koti alikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

Nilimsikia akivuta pumzi, akiiachia. Nilijiandaa kumwita mdogo wangu.

"Basi alikuwa mtoto," akasema. "Na mimi nimewalazimisha watoto wangu wamwamkie."

"Ndiyo baba."

"Kijana wetu alimzidi miaka miwili."

Miaka tisa nilikuwa sijamsikia akisema kijana wetu. Niliogopa nikijibu ataacha.

"Baba yake alikuwa hai?"

"Baba wa nani?"

"Wa Wa Koti."

"Sijui, baba."

"Lazima alikuwa hai. Mtoto wa miaka ishirini na miwili, baba yake yupo, anafanya kazi, ana nguvu. Ile barua nilikosea mtu. Ilikuwa iende kwa baba yake. Naye keshakufa huyo, siku nyingi, bila kupata barua." Alisema bila huzuni kubwa, kama anavyosema mtu aliyefika ofisi ya pili baada ya kuelekezwa vibaya na kukuta imefungwa. Kisha akasema, "Alikuwa anasimama mlangoni vile. Nilikuwa namgombeza kwamba anazuia watu. Ningejua, ningeng'oa ule mlango asimame apendavyo."

Treni nyingine ikaja. Wanafunzi walishuka na mabegi yao, wakazima kelele walipofika karibu yangu, wakaendelea nazo walipopita.

"Nikuambie jambo," baba akasema. "Nilipokaa pale chini, nilikuwa nimekubali ni wewe. Sikuwaza umekufa kwa nini. Nikawaza wataleta mwili au watazika hukohuko, nikajaribu kuona mahali ulipolala. Sikuona kitu. Wa Koti najua alipokaa, najua mkewe, najua magoti yake, vyote nimetunga mwenyewe. Wewe sijui hata kitanda chako kikoje. Miaka yote nakuuliza habari za mtu mwingine."

"Nilikuwa nahamahama, baba."

"Kwani sasa upo wapi?"

"Stesheni."

"Ukifika nyumbani, unafika wapi?"

Nikamwambia ni chumba cha nyuma, kwenye nyumba ya watu, mwendo wa dakika kumi na mbili kutoka stesheni ninayoshukia. Mlango wangu upo pembeni, unapita kwenye mapipa ya takataka. Rangi? Nyeupe, lakini juu ya jiko imekuwa ya chai. Nikamwambia kuna kapeti ya buluu ambayo si yangu na zulia dogo ambalo ni langu. Jirani ana ndege anayesema neno moja tu, la matusi. Akacheka. Akauliza nakula saa ngapi, nakula na nani. Nikamwambia mara nyingi peke yangu, nimesimama. Hakuacha lipite.

"Kwa nini umesimama? Hakuna kiti?"

"Kipo, baba. Kina nguo."

"Zitoe."

"Nitazitoa."

"Na kitanda? Cha mbao au cha chuma?"

"Cha chuma. Kinapiga kelele nikigeuka."

"Kifungwe kamba pale miguu inapokutana. Endelea. Ukilala, kichwa unaelekeza wapi?"

Nilifikiri. Sikuwa nimewahi kujiuliza. Nilifumba macho pale kwenye benchi, nikaingia chumbani mwangu kupitia kwenye mapipa, nikakizunguka kitanda, nikaanza kumwambia.